Je, Wajua? Bastola ya Upepo na Hewa ya Garsen

Je, wajua kwamba bastola ya mita 10 inayotumika kwenye Olimpiki haina baruti hata chembe? Kinachosukuma risasi ni hewa tu. Risasi yenyewe ina kipenyo cha milimita 4.5, uzito wa takriban nusu gramu, na kichwa bapa, ili itoboe karatasi tundu safi ambalo mwamuzi halibishii. Hutoka mtutuni kwa kasi ya kama mita 150 kwa sekunde.

Je, wajua kwamba mchezo huu uliingia Olimpiki mwaka 1988 jijini Seoul, wa wanaume na wa wanawake kwa mpigo mmoja? Kenya ilipeleka walengaji shabaha tangu Olimpiki yake ya kwanza, Melbourne 1956, ila hao walikwenda na bunduki za baruti.

Mlengaji husimama wima, hunyoosha mkono mmoja, basi. Hakuna kuegemea, hakuna kusaidia kwa mkono wa pili, hakuna kufunga kifundo cha mkono. Risasi ni 60 kwa saa moja na robo, na alama za juu kabisa ni 600. Mkono wa pili hauna kazi, na ndiyo maana wengi huutia mfukoni.

Je, unamkumbuka yule Mturuki aliyetapakaa kwenye simu za watu mwishoni mwa Julai 2024, mkono mfukoni, miwani ya kawaida usoni? Ni Yusuf Dikeç, aliyekuwa na umri wa miaka 51. Yeye na mwenzake Şevval İlayda Tarhan walipata nishani ya fedha kwenye Olimpiki ya Paris. Dhahabu ikaenda Serbia. Mitandaoni ilivuma kwamba mzee alitoka nyumbani na bastola ya kuokota akawatia aibu wenye vifaa. Si kweli. Alichokiacha ni lenzi maalumu na vikinga macho. Bastola aliyoishika ilikuwa ya daraja lile lile la wenzake.

Basi swali la msomaji wetu wa Garsen, Tana River, anayetaka kujua aanze na bastola ya bei nafuu au ajikaze anunue ya mabingwa, si swali la kipuuzi. Ila jibu lake haliko mahali wauzaji wanapolielekeza.

Je, wajua kwamba duara la alama 10 lina kipenyo cha milimita 11.5 tu? Hapo ndipo watu hukata tamaa, na hapo ndipo muuzaji hupata riziki yake. Lakini tupige hesabu. Kwa kanuni, risasi ikigusa mstari wa duara, hata kwa ukingo wake, inahesabiwa alama ya duara hilo. Kwa hiyo kitovu cha risasi kinaweza kuwa milimita 8 kutoka katikati na bado ukapewa 10. Chukua bastola yoyote, ifunge kwenye jiliwa, piga risasi kumi. Zikitua zote ndani ya duara la milimita 12, bastola hiyo haikudai kitu tena: ina uwezo wa kukupa 600. Na ziko bastola za kuanzia, zile zenye mtutu mzuri, zinazofanya hivyo bila jasho.

Hesabu ya pili inauma zaidi. Kutoka kinundu cha mbele cha kulengea hadi mwanya wa nyuma ni kama sentimita 32. Viwili hivyo vikipishana kwa robo ya milimita wakati unafyatua, risasi imeshafika ukingoni mwa 10 na inachungulia 9. Robo ya milimita hiyo inatoka kwenye kidole chako na kwenye kiganja chako. Haitoki kiwandani.

Je, wajua pesa nyingi hununua nini, basi? Kwanza kabisa, kifyatuo. Kanuni za ISSF, shirikisho la dunia la mchezo huu lililoundwa mwaka 1907, zinataka kifyatuo kisiwe chepesi kuliko gramu 500. Mwamuzi huning'iniza uzani wa gramu hizo kwenye kifyatuo, na bastola ikielekea juu lazima iuinue bila kulia. Ni uzito wa pakiti ya sukari ya nusu kilo. Bastola ya bei nafuu nayo inaweza kurekebishwa ikafika karibu na hapo, lakini safari ya kidole ina mikwaruzo, leo inakatika hapa, kesho pale. Ya daraja la juu hukatika mahali pale pale leo, kesho na mwaka kesho. Ukiniuliza mimi, nusu ya bei ya bastola ya mabingwa iko hapo.

Pili, mpini. Wa mabingwa huchongwa kwa mti wa mjozi, huja kwa saizi kadhaa, wa kulia na wa kushoto, na huwa na kibao cha chini kinachopandishwa hadi kikae sawasawa chini ya kiganja. Bastola nyingi za kuanzia huja na mpini wa saizi moja, tena wa mkono wa kulia. Wenye shoto waulize hilo kabla ya kuuliza bei.

Habari njema ni kwamba mpini ni mti, na mti una fundi. Seremala yeyote wa Garsen mwenye msasa, patasi ndogo na lipu ya mbao anaweza kuutengeneza mpini mbaya ukafaa mkono wako, mradi umkalishe na umwonyeshe mahali panapokubana. Kanuni zinamwachia uhuru mkubwa: mpini usikizunguke kifundo cha mkono, na bastola nzima iingie kwenye sanduku la milimita 420 kwa 200 kwa 50. Uzito usizidi gramu 1,500. Nyingi huzunguka kilo moja.

Tatu, mtikisiko. Baadhi ya bastola za juu zina kijiuzani ndani kinachorudi nyuma risasi inapotoka, ili mtutu usiruke. Ni kitu kizuri. Ni kitu ambacho mtu anayepata alama 480 hatakihisi.

Je, wajua kwamba katika mambo yote haya, linaloamua kwa mtu wa Tana ni moja tu, nalo halimo kwenye matangazo? Ni hewa inatoka wapi.

Bastola za kuanzia nyingi hubana hewa kwa wenzo. Unauvuta mara moja, unatia risasi, unapiga. Ukitaka nyingine unauvuta tena. Hizi ni kama Gamo Compact ya Hispania, au ile IZH-46M ya kutoka Izhevsk, Urusi, ambayo kwa miaka mingi walimu wa mchezo huu waliisifu kuliko bei yake. Haitegemei mtu wala mashine. Hewa ni ile ile unayopumua, iwe uko Garsen mjini, Ngao au Kipini.

Bastola za mabingwa, kama Steyr LP10, Feinwerkbau P8X, Morini CM 162 EI, Walther LP500 au Pardini K12, zina mtungi mdogo chini ya mtutu. Mtungi huo hujazwa hewa hadi presha ya baa 200. Ukijaa hupiga risasi kama 150 hadi 200, kila moja kwa nguvu ile ile, wala mkono hauchoki kwa kuvuta wenzo. Kwenye mashindano ya risasi 60, hiyo ni neema kubwa: mwenye wenzo hufika risasi ya 45 bega limeshaanza kulalamika.

Sasa peleka mtungi huo kwa fundi wa pancha pale stendi. Kompresa yake, akiibana hadi ikaribie kupasuka, hutoa baa 8 au 10. Tairi la matatu halihitaji hata nusu ya hizo. Baa 200 ni dunia nyingine, na dunia hiyo kwenye pwani yetu iko mikononi mwa wazamiaji: vituo vya kuzamia vya Watamu na Malindi hujaza mitungi yao kwa presha hiyo hiyo, kwa sababu wateja wao hupumua humo chini ya maji. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu ziko tangu 1968 na biashara ya kuzamia imezoeleka huko. Ukiwa na mtungi wako wa lita 12 na kiunganishi kinachofaa, ukajaziwa Watamu, utarudi na hewa ya kujaza bastola kwa wiki nyingi.

Lakini ni zaidi ya kilomita 100 kwenda na nyingine kurudi. Halafu kuna kusi. Kuanzia Mei bahari huchafuka, watalii hupungua, na vituo vingi vya kuzamia hufunga au hupunguza kazi. Tena mto Tana hupenda kuvunja kingo na kukata barabara. Ile ya Garsen kwenda Lamu ilikatwa pale Lango la Simba na mafuriko ya Novemba 2023, na ya Aprili na Mei 2024 yakarudia. Bastola ya shilingi laki kadhaa inayongoja hewa ng'ambo ya maji ni pambo la kabati.

Je, wajua kwamba ipo pampu ya mkono inayofika baa 200? Ipo, ya hatua tatu, husimama mbele yako na unaisukuma kwa uzito wa mwili. Mtungi mdogo wa bastola hujaa kwa dakika chache, na jasho ndilo utakalolipa. Tatizo la Garsen ni unyevu. Hewa ya delta imejaa maji, na ukiibana mara 200, maji hayo hutengana na hewa na kubaki ndani ya mtungi. Baada ya miezi, valvu inaota kutu na bastola inaanza kupiga risasi moja kali, moja legevu. Kwa hiyo pampu bila kichujio chenye chembe za kukausha hewa usiinunue, na chembe zikibadilika rangi zikaushe au zitupe. Ukifanya hivyo, bastola ya mtungi inaishi Garsen. Usipofanya, haivuki mwaka salama.

Zipo pia za katikati. Hämmerli AP20, kwa mfano, ni ya mtungi lakini ilitengenezwa kwa vijana na wanaoanza: nyepesi, ya bei ya chini kuliko za mabingwa. Mwenye pampu nzuri na kichujio aitazame hiyo kabla ya kuvunja kibubu.

Je, wajua kwamba bastola za gesi ya kaboni, zile za miaka ya themanini na tisini, ndizo rahisi kupatikana za mitumba, na ndizo mbaya kuliko zote kwa Tana River? Gesi hiyo hukaa mtungini kama kimiminika, na presha yake hufuata joto. Ikifika nyuzi 31 haiwezi tena kukaa kama kimiminika, na presha huruka. Nyuzi 31 Garsen ni saa nne asubuhi. Risasi ya asubuhi na ya mchana hazitatua mahali pamoja hata ukiwa bingwa. Anayekuuzia kwa bei ya bure anajua kwa nini.

Haya, tuje kwenye sheria, na hapa sitaki kupita mbio.

Je, wajua kwamba katika England na Wales mtu wa miaka 18 anaweza kuingia dukani na kutoka na bastola ya shabaha bila leseni? Sheria ya kule hupima nguvu: bastola ya upepo isiyozidi kama joule 8 haihitaji cheti, na ya mashindano hutoa joule 6 hivi. Scotland ilijitenga kuanzia 31 Desemba 2016, na leseni ikawa lazima. Ujerumani kikomo cha kununua bila leseni ni joule 7.5, na bastola hupigwa chapa ya herufi F ndani ya pembetano.

Ndiyo maana kuna mtego. Binamu yuko Leicester au Birmingham, anakupigia simu: nimekuona unapenda mchezo huu, nakuletea moja Desemba. Kwa moyo mweupe kabisa. Lakini uhuru wa dukani Leicester haupandi ndege. Ukishuka Mombasa au Nairobi, afisa wa forodha anaona mtutu, kifyatuo na mpini. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ina kifungu hata kwa anayetumia silaha bandia katika uhalifu, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kisicho na baruti hakina sheria. Andikia Bodi ya Leseni za Silaha kwanza, taja aina ya bastola, ukubwa wa risasi na nguvu yake, omba maelekezo kwa maandishi, na uulizie risasi zake katika barua hiyo hiyo. Jibu likija, ndipo binamu aingie dukani.

Na kwa mtu wa Tana River jambo hili lina uzito wake. Kati ya Agosti na Septemba 2012 watu zaidi ya 100 waliuawa katika delta hii kwenye mapigano ya Wapokomo na Waorma: Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani. Serikali ikatangaza kafyu. Vijiji hivyo viko jirani na Garsen, na waliozika wangali hai. Mtu asibebe kitu chenye umbo la bastola kwenye matatu, wala asikitoe mfukoni kuwaonyesha wenzake chini ya mwembe, hata kama ni cha mchezo. Kisanduku kifungwe kufuli, bastola iwe tupu, na ile kamba ya rangi ya machungwa ambayo ISSF huitaka ipitishwe ndani ya mtutu kuonyesha hakuna risasi. Nakala ya kibali iwe juu kabisa, ukifika kwenye kizuizi cha Minjila uitoe kabla hujaulizwa.

Ukishapata kibali, utashindana wapi? Mchezo wa bastola unaovuma Kenya kwa sasa ni ule wa Kirigiti, Kiambu, na huo ni wa bastola za baruti, wa kukimbia na kupiga. Wa upepo bado ni mdogo wake.

Je, wajua kwamba Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham 2022 haikuwa na ulengaji shabaha hata kidogo, na Glasgow 2026 nayo imeuacha? Mara ya mwisho ilikuwa Gold Coast, 2018. Kwa Mkenya mlango uliobaki mpana ni wa Afrika, na huo huelekea Misri: Cairo iliandaa mashindano ya dunia ya bunduki na bastola mwaka 2022. Wamisri na Watunisia wamepeleka walengaji wa bastola ya upepo kwenye Olimpiki kadhaa. Ng'ambo ya bahari yetu, Oman nayo: Wadha Al-Balushi alilenga Rio 2016 katika mita 10 za wanawake.

Na Rio hiyo hiyo ndiyo iliyompa Hoàng Xuân Vinh dhahabu ya bastola ya upepo, ya kwanza kwa Vietnam tangu nchi hiyo ianze kushiriki Olimpiki.

Je, wajua kwamba bastola ya bei kubwa inaweza kukuangusha siku ile ile unayoihitaji? Muulize Manu Bhaker wa India. Tokyo, Julai 2021, alikuwa na umri wa miaka 19 na alitazamiwa kupata nishani. Katikati ya mchujo bastola yake ikaharibika. Saa haikusimama kumngoja. Alitoka nje ya mstari na kocha, ikatengenezwa, akarudi na risasi nyingi mkononi na dakika chache ukutani. Akapata 575, nafasi ya 12, alama mbili nje ya fainali. Miaka mitatu baadaye, Paris, alirudi akachukua shaba mbili, moja peke yake na moja pamoja na Sarabjot Singh.

Ninachokiona mimi kwenye kisa hicho ni umbali wa fundi. India ina mafundi, ina vipuri, ina kocha aliyesimama nyuma ya mstari, na bado ilimgharimu fainali. Baadhi ya bastola za juu, Morini ile ya EI ikiwemo, zina kifyatuo cha umeme chenye betri na saketi. Ni kitamu kukivuta kuliko chochote cha chuma. Kikifa Garsen, kinakwenda Ulaya kwa posta. Wenzo wa bastola ya kuanzia ukikwama, kwa kawaida ni pete ya mpira iliyochoka, na pete za akiba unaagiza pamoja na bastola, unaziweka kwenye kopo.

Bei? Ng'ambo, Gamo Compact huuzwa kwa dola mia mbili tatu hivi. Steyr au Morini mpya huvuka yuro 1,500 kwa urahisi, kabla ya usafiri na ushuru. Tofauti hiyo ni makopo mengi sana ya risasi. Kopo la kawaida lina risasi 500. Ukipiga 60 kila siku, siku ya tisa unalifuta vumbi.

Na je, wajua kwamba mazoezi yenye faida kuliko yote hayatumii risasi hata moja? Ni kufyatua tupu: unalenga ukuta mweupe, unavuta kifyatuo, unatazama kama kinundu kilitikisika. Walengaji wakubwa hufanya hivyo zaidi ya wanavyopiga. Ila si kila bastola inakubali. IZH-46M na za mabingwa zina njia maalumu ya kufyatua tupu. Bastola za springi usizifanyie hivyo, pistoni itajigonga ndani mpaka ivunjike. Bastola ya bei nafuu isiyoweza kufyatuliwa tupu ni ghali, hata ikigawiwa.

Usiache bastola ya wenzo ikiwa imevutwa usiku kucha. Mpira wake hulemaa. Ya mtungi fanya kinyume: isikae tupu kabisa, acha hewa kidogo ili valvu ibaki imebanwa. Mafuta ya baiskeli yasikaribie mtungi, kwa sababu mafuta ya petroli na hewa ya baa 200 huweza kulipuka. Na lile buti la gari lililoegeshwa juani Minjila si mahali pa kuacha mtungi uliojaa.

Nunua mtumba ukitaka, lakini kabla ya kutazama rangi tazama tarehe iliyogongwa kwenye mtungi. Kwa kawaida hesabu ni miaka 10, na ISSF humwachia mlengaji jukumu la kuhakikisha mtungi wake haujapitwa na muda. Bastola ya bingwa fulani wa zamani, yenye mitungi miwili iliyokufa, si bei nafuu tena ukishaagiza mitungi mipya. Na kwenye ndege mtungi uwe mtupu na umefunguliwa kutoka kwenye bastola.

Je, wajua kwamba Tana River ilikuwa na walengaji wa daraja la dunia kabla ya hewa kubanwa? Waata, wawindaji wa nyika za Tana na Galana, walivuta pinde zinazotaka nguvu ya zaidi ya kilo 45, na mishale yao yenye sumu iliangusha ndovu. Kampeni ya kuzuia ujangili ya Tsavo, 1956 na 1957, iliwatia wengi gerezani. Uwindaji wa wanyamapori umepigwa marufuku tangu 1977, na delta yenyewe iko kwenye orodha ya Ramsar tangu 2012. Anayefikiri atanunua bastola ya upepo aamie mpunga au apate kanga wa chakula cha jioni, anunue kitu kingine: nguvu haitoshi kuua kwa uungwana, na sheria haimruhusu. Kwa ndege wa shambani manati na debe la kugonga bado havijapata mshindani.

Kunawa mikono baada ya mazoezi si adabu tu. Risasi hizi ni madini ya risasi hasa, na mtoto anayeanza akiwa na miaka 12 asile muhogo wa kukaanga katikati ya zoezi.

Mtoto huyo, kwa njia, asipewe bastola ya kilo moja na robo. IZH ni nzito mbele, na kijana mdogo huikunjia mgongo apate kuisimamisha. Aanze na chupa ya maji ya nusu lita, ainyooshe mkono, ahesabu hadi 15, apumzike. Ni bure, na hakuna kibali kinachohitajika.

Na viatu? Kwenye bastola, kanuni zinataka viatu vifupi, kifundo cha mguu kionekane, soli ipindike. Raba za sokoni zinatosha kabisa. Hapa bingwa na anayeanza wako sawa. Nguo za mabaka ya kijeshi haziruhusiwi, suruali ya jinzi hairuhusiwi. Kandambili nazo marufuku.